Kontrola haina kosa

Jumamosi mpwa wangu kanijia kibarazani hapa Ngamiani, kashika kontrola ya tatu. "Shikamoo mjomba. Hii nayo mbovu. Nabonyeza Start, mara inasikia, mara haisikii." Mbili za kwanza alishazipeleka kwa fundi, na fundi alishalipwa.

Nikamwambia hebu nione programu yako. Gemu ya ngalawa, ya Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo), kaiandika mwenyewe kwa asembli, yaani kwa amri za prosesa yenyewe, na kwa hilo nampa heko. Ila bendera nane zote, yaani alama za ndiyo au hapana, kazisokomeza kwenye baiti moja, kila moja biti yake: ana ufunguo, kafa, kageukia kushoto, Start imebonyezwa, zote humo. Kuna bwana mmoja wa video kamfundisha kwamba baiti 2048 za kumbukumbu ya Famicom ni chache, basi abane kila biti. Na bwana huyo mifano yake yote ni ya Game Boy, yenye prosesa nyingine!

Game Boy ina SET 3,(HL), inawasha biti ya 3 palepale kwenye kumbukumbu. Amri moja, biti moja, kwisha. Prosesa ya Famicom ni ya ukoo wa 6502, anasa hiyo haina. Huku unachukua baiti nzima kwa LDA, unapachika biti kwa ORA, unarudisha kwa STA. Skrini ikijaa maadui, kazi ya fremu (picha moja ya skrini) inachelewa, na NMI, katizo la kila fremu linalosimamisha kazi nyingine, inaingia hapo hapo, LDA imeshapita na STA bado. Inasoma kontrola, inawasha biti ya Start, inaondoka zake. STA inakuja na nakala ya zamani, inaifuta. Biti imekuwa kama mgeni wa Tanga: waja leo, waondoka leo. Na usiniambie habari ya SEI, ile amri ya kuzuia makatizo, NMI haiijui SEI.

Hivi tulikuwa tunaokoa nini? Bendera nane zikipewa baiti nane, ukurasa sifuri, zile baiti 256 za mwanzo za kumbukumbu, unabaki na 248. Mpe Start baiti yake, STA ya bendera nyingine isiifute, tumia biti ya 7. SEC kisha ROR, 1 inasukumwa kwenye biti ya 7, imewaka. LSR, inasukumwa 0, imezimika. Kuipima ni BIT, mizunguko 3 tu, halafu BMI, inayoruka biti ya 7 ikiwa imewaka, na A, rejista ya hesabu, hujaigusa. BIT inakupa biti ya 7 na ya 6 bure. Nani alikutuma uiweke Start kwenye ya 3?

Haya, mwenye masanduku 200 ya hazina na abane, maana yale NMI haiyagusi. Sibishi.

Tukabadilisha, tukajaza papa skrini nzima, akabonyeza Start. Gemu ikasimama, kama inavyotakiwa. Akabonyeza tena mara ishirini, kama ananihoji. Kisha akazitazama zile kontrola tatu.

"Na hela ya fundi, mjomba?"