Eti chukulia hakuna msuguano

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko mshahara: "Chukulia hakuna msuguano." Kitoroli kinateremka mlima, hakuna msuguano. Gogo linaburutwa, hakuna msuguano. Nikaamini. Leo natamani nimpandishe daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi anioneshe huo msuguano umekosekana wapi.

Maana mle ndani hakuna kingine. Kushoto kiwiko cha mama wa samaki, kulia begi la mwanafunzi. Darasani tuliambiwa kani mbili zilizo sawa zikisukuma kutoka pande mbili zinazokabiliana, zinafutana, jumla sifuri. Haya, sifuri. Sasa mbavu zangu zinauma kwa hesabu ya nani?

Konda: "Sogea nyuma mzee, nyuma peupe!" Peupe gani? Kabla sijamjibu, bajaji ikachomekea, dereva akakanyaga breki. Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kitu kilicho kwenye mwendo kitaendelea na mwendo wake ulionyooka mpaka kani ikizuie. Hakutaja kwamba kani yenyewe inaweza kuwa kisogo cha askari.

"Vipi wewe?"

"Samahani afande. Sheria ya kwanza ya Newton."

"Sheria ya mkoa gani hiyo?"

Nikashukia kituo cha mbele, ambacho si changu.

Jioni nikapitia sokoni. Wenzetu kwenye vipimo hawana mchezo: mita wameifunga kwenye mwanga, ni safari ya mwanga kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kilo nayo, kile kipande cha madini walichokifungia Ufaransa kiwe ndiyo kilo ya dunia, mwaka 2019 wakakistaafisha, eti hakitoshi kuaminika. Wanasumbukia tofauti ya uzito wa vumbi! Na mimi hapa kijana ananipimia viazi kwa kisado kilichogongwa kitako. Ukiingiza mkono unakutana na Kilimanjaro.

"Mdogo wangu, hiki kisado kina mlima."

"Mzee, mi nimekinunua hivyo hivyo."

Nikafika nyumbani hoi. Nikamweleza mama watoto kwamba kifizikia, mtu akitoka mlango huu na kurudi mlango huu, hata kama amezunguka mji mzima, mhamo wake ni sifuri.

Akafungua mfuko, akahesabu viazi kwa macho.

"Na hivi vingine navyo," akasema, "vimehamia wapi?"