Yogi aliyeangaziwa hajui yote

Wanapokutana watu wanaofuata taamuli, yaani mazoezi ya kutuliza akili, swali hili halikosi: je, yogi, yaani mfuasi wa yoga, aliyefikia mwangaza wa kiroho husoma mawazo ya watu, huona yajayo, hujua kila kitu? Wengi hujibu ndiyo. Mimi nasema hapana, hasa kwa hilo la kujua kila kitu, na hoja zangu nazitoa katika maandiko ya watafuta mwangaza wenyewe.

Sura ya tatu ya Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha Kihindi cha mafundisho ya yoga, imejaa nguvu za ajabu: kujua yaliyopita na yajayo, kukumbuka maisha ya kabla ya haya, kutambua yaliyomo moyoni mwa mwingine, kutoonekana, kupata nguvu za tembo. Lakini katika sura hiyo hiyo Patanjali anaonya kwamba mambo hayo ni vikwazo kwa anayetafuta utulivu wa mwisho, hata kama walimwengu huyahesabu kuwa mafanikio. Na akishautaja ujuzi wa yote, aya inayofuata inasema ukombozi huja mtu akiuacha hata huo. Inanisikitisha kuona walimu wakiinukuu orodha na kuziruka aya hizi.

Kwa Wabudha mambo ni wazi zaidi. Katika kanuni za watawa kuna kisa cha Pindola Bharadvaja, mtawa aliyepaa mjini Rajagaha, India ya kale, akachukua bakuli la msandali lililowekwa juu ya nguzo kama zawadi kwa atakayelifikia. Buddha alimkemea, akaamuru bakuli livunjwe, akawakataza watawa kuwaonyesha raia miujiza. Kisa hakikani kwamba Pindola alipaa, ila kinakataa kuufanya mpao huo kuwa kipimo cha utakatifu.

Andiko ninalolipenda kuliko yote ni mazungumzo ya Ananda, mhudumu wa Buddha, na mtawa mzururaji aitwaye Sandaka. Ananda anamweleza habari za mwalimu anayedai kujua na kuona yote, awe anatembea au amesimama, amelala au yu macho. Mwalimu huyo huingia nyumba isiyo na mtu, akakosa chakula. Huumwa na mbwa. Hukutana na tembo mkali njiani. Hulazimika kuuliza jina la kijiji na njia ya kukifikia. Watu wakishangaa, hujitetea: ilikuwa lazima niingie nyumba ile, ilikuwa lazima mbwa yule aniume. Ananda anasema mwenye busara akiona hivyo humwacha mwalimu huyo akaenda zake. Zaidi ya miaka elfu mbili imepita, na utetezi ule ule bado unatolewa na kupokelewa.

Buddha mwenyewe, alipoulizwa na mtawa mzururaji mwingine, Vacchagotta, katika mji wa Vesali, alisema wanaomdai kuwa anajua yote wakati wote wanamsingizia. Alichokiri ni elimu tatu: kukumbuka maisha yake ya nyuma, kuwaona viumbe wakifa na kuzaliwa kufuatana na matendo yao, na kukoma kwa uchafu wa moyo. Mbili za kwanza ni suala la imani. Ya tatu angalau huacha alama katika mwenendo wa mtu, na majirani wanaweza kuishuhudia.

Sikatai kwamba mazoezi haya hubadili mwili. Mwaka 1982 daktari wa Marekani Herbert Benson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya watawa wa Kitibeti walioongeza joto la vidole vyao kwa hadi nyuzi 8.3 za Selsiasi, wakiwa wameketi tu. Ni jambo kubwa. Lakini kupasha vidole vyako joto ni kitu kimoja, kujua kilichomo akilini mwangu ni kingine kabisa.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu mwalimu anayeaminiwa kujua yote haulizwi kitu. Mwanafunzi humkabidhi pesa, ndoa, hata uamuzi wa kwenda au kutokwenda hospitali, na akiumizwa huambiwa mwalimu alikusudia kumfundisha. Ramana Maharshi, mwalimu wa Kihindi ambaye wengi humhesabu miongoni mwa walioangaziwa wa karne ya 20, alipata uvimbe wa saratani mkononi. Madaktari walimpasua mara kadhaa, na Aprili 1950 akafariki kule Tiruvannamalai, kusini mwa India. Wafuasi walimsihi ajiponye, naye hakujidai kuwa na uwezo huo. Mwalimu wa namna hiyo naweza kuketi mbele yake nikamuuliza lolote.