Saratani ya nyuma ya pua: kipimo kipi kitatufaa Kisumu?

Mtu anafika kliniki Kisumu na uvimbe chini ya sikio. Hauumi. Tundu moja la pua limeziba kwa miezi, na sikio la upande huohuo linavuma. Anapewa dawa ya sainasi, akirudi anapimwa TB, akirudi tena uvimbe umekuwa kama yai. Saratani hii hukaa pale pua inapokutana na koo, mahali ambapo tochi ya daktari haifiki.

Wanaotaka tuiwahi kwa kupima damu wana hoja. Aina iliyo ya kawaida zaidi huambatana na virusi vya Epstein-Barr. Huko Hong Kong, utafiti uliochapishwa 2017 ulitafuta DNA ya virusi hivyo katika damu ya wanaume 20,174 wasio na dalili. Wenye saratani walipatikana 34, wengi wakiwa bado katika hatua ya kwanza au ya pili, ambapo mionzi huponya. Nani asingelitaka hilo?

Ila tazama namba za katikati. Mara ya kwanza watu 1,112 walionekana kuwa na DNA hiyo. Walipopimwa tena wiki nne baadaye, wakabaki 309. Hao wakaitiwa kamera ya puani na MRI. Na Hong Kong ni mahali ambapo ugonjwa wenyewe umeenea. Sisi tunaishi na virusi hivi tangu utotoni (viligunduliwa 1964 katika uvimbe wa watoto kutoka Uganda, jirani tu hapa), na malaria huvichochea: utafiti wa 2005 uliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, ambako malaria ni kidogo, ulikuta wa Kisumu wana virusi vingi zaidi damuni. Watoto si watu wazima, nakubali. Hata hivyo singenunua kipimo cha Hong Kong nikitegemea kitasema ukweli uleule huku ziwani.

Kupima kwenye kinyama protini za mzunguko wa seli, yaani zinazoongoza seli kugawanyika, ni habari nyingine. Saiklini D1 huisukuma seli igawanyike. P16 huishika breki. Kwenye saratani hii p16 mara nyingi imepotea, na saiklini D1 imezidi. Chini ya hadubini viini vyenye saiklini vinageuka kahawia, picha ya kupendeza kweli. Lakini mgonjwa ataendelea kupewa mionzi na, ugonjwa ukiwa umesonga, dawa ya kemo iitwayo cisplatin, viini viwe kahawia au la. Kuna hatari pia ya kuiga: p16 ikijaa kwenye saratani ya tonsili huashiria virusi vya HPV, na msomaji mwenye haraka anaweza kuubeba usomaji huo hadi puani, ambako hauna maana hiyo. Dawa za kuzuia injini inayoendeshwa na saiklini D1 zipo, na hutumika kwa saratani ya matiti. Zikithibitika hapa, nitabadili kauli.

Alama ya virusi ninayoitetea ni EBER, yaani RNA ndogo za virusi vya Epstein-Barr, inayotafutwa kwa kupaka rangi kinyama chenyewe. Mwenye uvimbe wa yai amekatwa kinyama cha shingo, patholojia inasema ni kasinoma (aina ya saratani), ilikoanzia hakujulikani. EBER ikiwaka, daktari wa masikio, pua na koo anajua kamera aielekeze wapi.