Kiti cha ngazini au lifti ndogo? Tuanze na anayepanda

Kliniki ya mazoezi ya viungo anayohudhuria mama yangu iko ghorofa ya kwanza, kwenye jengo la Kariakoo lisilo na lifti. Mama alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukalegea. Kila tukienda, vijana wawili wa bodaboda humpandisha kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, vipandio 20. Mama hufumba macho na kuikamata khanga yake kifuani kwa ule mkono mmoja wenye nguvu. Mimi hufuata nyuma na kiti mwendo chake, roho mkononi. Sasa mwenye jengo yuko tayari kuweka mashine, na ametuuliza sisi tunaoitumia ngazi hiyo: kiti cha ngazini au lifti ndogo?

Wapo waliouliza kwa nini asijenge mteremko tu. Mteremko salama kwa kiti mwendo hupanda mita 1 katika kila mita 12. Ghorofa yenye kimo cha mita 3 inadai mteremko wa mita 36, na ukiweka sehemu za kupumzikia unavuka mita 40. Kwa viwanja vya Kariakoo, hilo tuliache.

Kiti cha ngazini hupita kwenye reli iliyofungwa juu ya vipandio. Unakaa, unafunga mkanda, unabonyeza kitufe, kinakupandisha taratibu. Lifti ndogo ni jukwaa linalopanda wima: mtu anaingia akiwa kwenye kiti mwendo chake na kushikilia kitufe mpaka afike. Haidai shimo refu wala chumba cha mashine juu ya paa, kama lifti za maghorofa marefu.

Wanaotetea kiti wana hoja nzito. Bei yake iko chini sana ikilinganishwa na lifti. Ngazi ikiwa imenyooka, mafundi hukifunga kwa siku moja au mbili bila kubomoa zege. Tena vingi vinatumia betri inayochajiwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika kinaendelea kwa safari kadhaa. Anayekumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 haidharau hoja hiyo. Ila ngazi ikiwa na kona, reli hupindwa kwa vipimo vya ngazi hiyohiyo. Bei inapanda, na ukihama huwezi kuipeleka kwingine.

Lakini mimi nakwama kwenye jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya bei: kuhama kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Ili mama akae kwenye kiti cha ngazini, lazima nifunge breki za kiti mwendo, nimkumbatie chini ya kwapa, nimwinue, nimzungushe, nimkalishe. Juu nirudie yote hayo, kwenye ukingo wa ngazi. Halafu nishuke mbio kufuata kiti mwendo, huku yeye akinisubiri kule juu bila kiti chake. Mama ana mguu mmoja unaomsaidia. Kuna kijana anayetibiwa palepale, aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali, hawezi hata kukaa wima bila kuegemezwa. Kiti cha ngazini hakimsaidii kitu, ataendelea kubebwa.

Liko pia suala la moto. Ngazi ile ndiyo njia pekee ya kutokea kwa jengo zima, nayo ni nyembamba. Reli na kiti, hata kikikunjwa, vinakula nafasi ambayo watu wataihitaji wakikimbia.

Lifti nayo ina mzigo wake, na sitaki tuufiche. Itabidi kukata zege la ghorofa au kujenga mnara nje ya ukuta, na kazi hiyo inataka mhandisi anayejua nguzo za jengo zimebeba nini, si fundi wa kuokota mtaani. Itadai matengenezo kila mwaka na vipuri vinavyoagizwa nje. Lifti iliyokufa miezi sita kwa kukosa kipuri ni ukuta mwingine tu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muuzaji ajibu maswali mawili. Umeme ukikatika mtu akiwa ndani, anashushwaje? Nyingi zina betri au vali ya kumshusha kwa mkono, lakini aoneshe hapo hapo, na mlinzi wa jengo afundishwe. La pili, fundi wake anakaa wapi?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, vinazungumzia haki ya mtu kuingia kwenye majengo yanayotoa huduma kwa umma. Kwangu, mtu hajaingia ikiwa ameingizwa mikononi mwa wengine.

Msimamo wangu ni huu. Nyumbani, ambako anayepanda ni mtu mmoja anayejulikana, anayeweza kusimama kidogo, ningenunua kiti cha ngazini bila kusita. Kwenye jengo linalopokea kila anayekuja, mwenye jengo aweke lifti, hata ikibidi asubiri mwaka mmoja zaidi akusanye fedha. Na jukwaa lisiwe dogo: sentimita 110 kwa 140, ili kiti mwendo kiingie pamoja na anayekisukuma.

Mwaka huo wa kusubiri nao una jawabu. Pale chini kuna chumba cha stoo kimejaa maboksi. Nimemwomba mwenye jengo akisafishe, na mtaalamu wa mazoezi ashuke na mkeka wake siku mbili kwa wiki. Amesema atafikiria. Jumanne tunarudi, na vijana wa bodaboda nimeshawapigia simu.