Miaka Saba ya Kubishania Maji

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kuuweka hadharani msimbo, yaani maandishi ya programu ya kompyuta, wa uigaji wa fizikia ni kwamba anayeendesha programu ya mwenzake hurithi na makosa yake. Afadhali kila kikundi cha watafiti kiandike yake, kisha matokeo yalinganishwe. Hoja hiyo ina haki yake, na ubishi wa maji ulioanza Marekani mwaka 2011 uliipima barabara.

David Limmer na David Chandler wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walidai kwamba, katika modeli za kompyuta, maji yaliyopozwa mno bila kuganda hayagawanyiki kuwa vimiminika viwili, kizito na chepesi, bali kilichodhaniwa kuwa kimiminika cha pili ni barafu inayoanza kujijenga. Kikundi cha Pablo Debenedetti, Chuo Kikuu cha Princeton, kiliitumia modeli ileile ya molekuli za maji, iitwayo ST2, kwa programu zake chenyewe, na mwaka 2014 kikachapisha kwamba vimiminika viwili vipo. Hapo programu zinazojitegemea zilikuwa zimemaliza kazi yake: zilionyesha kwamba kuna aliyekosea, ila hazikuweza kusema ni nani, wala wapi. Makala zilieleza nadharia na mbinu. Namna programu ya Berkeley ilivyozigawia molekuli kasi za mwanzo ni jambo ambalo hata mhakiki makini asingefikiri kuliuliza. Msimbo ulipopatikana hatimaye, baada ya mvutano mrefu, kosa lilikutwa kwenye kasi hizo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2018, miaka saba tangu ubishi uanze, na Chandler alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

Ni kweli kwamba msimbo peke yake hautoshi bila faili za vigezo na matoleo ya maktaba za programu zilizotumika, na hata hivyo vyote vikiwepo, kujumlisha namba zilezile kwa mpangilio tofauti hubadilisha tarakimu za mwisho, hivyo kinachopaswa kulingana ni wastani, si njia ya kila molekuli.

Wanaosita wana lalamiko jingine, nalo si la kupuuzwa: anayetoa programu hugeuka fundi asiyelipwa, akijibu barua za watu walioshindwa kuiendesha kwenye mashine zao. Lakini kuchapisha si kuahidi huduma, na leseni za programu huria kwa kawaida hutamka wazi kwamba hakuna dhamana. Princeton hawakuhitaji kufundishwa kuutumia msimbo wa Berkeley, walihitaji kuusoma.