Mwanafunzi akiuliza kuhusu indeksi hasi, msimkalishe chini

Mpwa wangu yuko senior six hapa Kampala. Juzi kamuuliza mwalimu wa fizikia kama indeksi ya refraksheni, yaani namba inayoonyesha mwanga unapinda kiasi gani ukiingia kwenye kitu kama kioo au maji, inaweza kuwa chini ya sifuri, akaambiwa akae, UNEB, bodi ya mitihani, haiulizi upuuzi. Imeniuma sana jamani.

Hilo swali aliliuliza Victor Veselago kule Urusi, mwaka 1967: je, kitu kikiwa na epsiloni hasi na myu hasi kwa pamoja, yaani namba za jinsi kinavyoitikia umeme na usumaku, itakuwaje? Hesabu ikamwambia mwanga ukiingia humo utapinda, lakini utabaki upande ule ule wa nomo (mstari uliosimama wima juu ya uso wa kitu) ulikotokea, mawimbi yanarudi nyuma huku nishati inasonga mbele. Kitu chenyewe hakikuwepo. Watu wakalisahau mpaka John Pendry wa London akaonyesha jinsi ya kukitengeneza kwa nyaya na vipete vya shaba, na 2001 David Smith na wenzake San Diego wakapitisha maikrowevu kwenye prizimu ya namna hiyo, na kweli zikapinda kinyume.

Hapo ndipo moto ulipowaka, na hapo ndipo ningependa darasa zima likae lisikilize. 2002 Valanju na wenzake wa Texas wakaandika kwamba haiwezekani, kwa sababu ishara halisi siyo wimbi moja, ni mchanganyiko wa mawimbi ya frikwensi mbalimbali, na ukifuata madai yale sehemu ya wimbi italazimika kuruka kwa kasi isiyo na mwisho. Hoja nzito hiyo! Hakuna aliyewaambia wakae chini. Pendry na Smith wakajibu kwa hesabu: mnachoangalia ni jinsi mistari ya mawimbi yanayoingiliana inavyoelekea, nishati yenyewe inaenda kwingine. Wengine wakasema prizimu ile inameza mawimbi mno, na kipimo kiliwekwa karibu nayo mno. Basi 2003 watu wa Boeing, na wengine wa MIT, wakarudia upya, Boeing wakapima kutoka mbali zaidi, jibu likawa lile lile, hasi. Bila wale wapinzani nani angehangaika kurudia?

Sawa, najua mwalimu ana darasa limejaa na silabasi haijaisha, hilo nalikubali. Lakini dakika mbili tu za kusema "swali zuri, lina historia" zinakosekana kweli?

Na wapinzani hawakukosea kila kitu. Pendry alisema 2000 kwamba bamba lenye indeksi hasi linaweza kuwa lenzi kamilifu, yaani inayoonyesha kila kitu hata kiwe kidogo vipi, wakamwambia mada halisi inanyonya nishati, ukamilifu hautafikiwa, na mpaka leo haujafikiwa. Ila 2005 watu wa Berkeley walitumia utando mwembamba wa fedha, wakaonyesha mistari yenye upana wa nanomita 60 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365, jambo ambalo lenzi ya kawaida hailiwezi. Mpwa wangu nimempa hayo yote aende nayo shule, na nimemwambia aulize tena.