Si kila kitabu cha Misa ni misale

Msomaji anaingia sakristia Misa ikikaribia kuanza, anauliza: "Misale iko wapi, nipitie somo langu?" Wote waliomo wanajua anachotaka, na kitabu anakipata. Basi jina lina kazi gani? Mimi jina hilo nalishikilia. Kwenye misale ya altare angetafuta somo lake la Dominika mpaka kengele ya kuingia ilie asilione, na chanzo cha kutolikuta humo ni habari ndefu.

Misale ya altare ni kitabu cha sala. Humo mna sala ya mwanzo ya siku, sala ya kuombea dhabihu, utangulizi, sala za Ekaristi, sala baada ya komunyo, antifona, yaani mistari mifupi ya kuimbwa au kusomwa, na baraka. Maneno ya kutamkwa yamechapwa kwa wino mweusi, maelekezo ya vitendo kwa mwekundu, na ndiyo maana maelekezo hayo huitwa rubrika, kutokana na neno la Kilatini la rangi hiyo. Wino mwekundu ni siri ya padre na kitabu chake: nyosha mikono, inama, nyamaza. Padre aliyechoka huteleza akausoma nao kwa sauti, na waamini wakajikuta wanatangaziwa kwamba padre anainama.

Masomo yamo katika kitabu chake, kitabu cha masomo. Dominika zinazunguka kwa miaka mitatu: mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Yohane hakupewa mwaka, lakini asidhaniwe kaachwa; Kwaresima na Pasaka ni zake kwa sehemu kubwa, na katikati ya mwaka B anaingia kwa Dominika kadhaa na sura yake ya 6, kwa kuwa Injili ya Marko ni fupi. Siku za juma zina utaratibu wao. Kisha kipo kitabu cha tatu, cha Injili tupu.

Zamani za mwanzo mambo yalikuwa karibu na hivyo. Mwadhimishaji alikuwa na sakramentari yenye sala zake, waliosoma walikuwa na vitabu vyao, waimbaji na vyao. Katika karne za kati mapadre wengi wakawa wanaadhimisha Misa bila shemasi wala kwaya, wakahitaji kila kitu ndani ya jalada moja. Hapo ndipo misale kamili iliposhika nafasi. Watawa Wafransisko wa karne ya 13 waliichukua ile iliyotumika katika Kuria ya Roma, yaani ofisi za Papa, wakatembea nayo kila walikohubiri. Misale ya Kirumi ilichapwa kwa mara ya kwanza Milano mwaka 1474, na mwaka 1570 Papa Pio V akaiagiza kwa Kanisa la Kilatini, akiyaachia mapokeo yaliyokuwa yametimiza miaka 200 na zaidi yaendelee. Mazoea ya jalada moja yakaota mizizi kiasi kwamba, kwa muda mrefu, hata katika Misa kuu yenye shemasi na waimbaji, padre alipaswa kuyasoma maneno yao kwa sauti ya chini pale altareni. Wao wameshaimba, yeye anasoma tena. Kana kwamba kisichopita mdomoni mwake hakijahesabiwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi kwa waamini. Mpangilio mpya wa masomo ukatoka mwaka 1969, misale ya Papa Paulo VI mwaka 1970. Vitabu vikaachana, na kazi nazo zikaachana: padre na sala zake, msomaji na somo lake, mwimbaji na zaburi, shemasi na Injili. Kwa hiyo tunapoita kila kitabu misale, tunasema lugha ya enzi ile ambayo mtu mmoja alifanya yote. Na mara nyingi naona palipobaki lugha hiyo, tabia imebaki pia: shemasi amekaa kitini na Injili inasomwa na padre, au zaburi inasomwa harakaharaka na aliyesoma somo la kwanza ilhali kwaya nzima ipo na imejiandaa kwa nyimbo nyingine zote.

Kitabu cha Injili ndicho kinachoonewa zaidi na mchanganyo huu. Hicho huingia kwa maandamano kimeinuliwa kidogo, kikalazwa juu ya altare. Kitabu cha masomo hakibebwi hivyo, na maelekezo ya jumla ya misale yanalisema hilo waziwazi. Kitabu cha Injili hufukizwa ubani, hubusiwa. Shemasi hukabidhiwa kitabu hicho na askofu siku ya kupewa daraja lake. Askofu anapowekwa wakfu, mashemasi wawili hukishika kikiwa wazi juu ya kichwa chake wakati wa sala ya daraja. Katika mazishi ya Papa Yohane Paulo II, Aprili 2005, kiliwekwa juu ya jeneza, na upepo ukawa unazifunua kurasa zake umati ukitazama. Misale haikuwekwa pale, wala isingefaa.

Kwa misale ya waamini nalegeza kamba. Imekusanya sala na masomo pamoja, na ni haki yake, maana ni ya kufuatilia na kujiandaa nyumbani. Hata kuwa nayo ni neema: mwaka 1661 Papa Aleksanda VII aliilaani tafsiri ya misale kwa Kifaransa, na leo kila mtu anaisoma kwa lugha yake. Ila isipandishwe mimbarini. Utangulizi wa mpangilio wa masomo unakataza vitabu vya masomo kubadilishwa na vikaratasi vilivyochapwa kwa ajili ya kujiandaa au tafakari ya mtu binafsi. Simu naiweka kapu hilohilo. Najua jibu litakalokuja, kwamba kitabu cha parokia kimechakaa na kurasa za Majilio zimechomoka. Parokia hiyohiyo ilipata fedha za spika mpya. Zilizobaki zikanunue kitabu.